Marando kutoka Kimali

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya urithi na tofauti za viumbe, kidato cha nne huchangamka kuliko siku zote. Nawaambia waviringishe ulimi. Wapo wanaoukunja ukawa bomba kabisa, na wapo ambao ulimi umelala tu mdomoni hata uwatishie nini. Nawaambia washike ndewe za masikio. Za wengine zinaning'inia, za wengine zimeshikana na shavu. Halafu nageuka kufuta ubao, na nikiwa nimewapa mgongo natoa kazi ya nyumbani: kaangalie nani kakupa nini.

Nageuka kwa makusudi. Haupiti mwaka bila mmoja wao kuuliza, "Mwalimu, na wewe umefanana na nani?" Huwa najibu kwamba nimefanana na mshahara wangu, kwa sababu kweli mimi ni mfupi. Darasa linacheka, kengele inagongwa, yanaisha. Lakini mwaka ule baada ya msiba wa mama yangu swali lilikuja kama kawaida. Nilisimama na dasta mkononi mpaka wakaanza kutazamana.

Nina mama wawili, na ni bora niseme mapema. Mama, kila ninapoandika Mama, ni yule aliyenilea kijijini, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Mama mdogo ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa Kimali, huko Meatu. Aliyenizaa ni Mama mdogo. Nilipelekwa kwa dada yake kabla sijajua hata kukaa. Kwetu hilo si jambo la kushangaza watu, watoto huhama kutoka nyumba ya ndugu mmoja kwenda ya mwingine na maisha yanaendelea. Ni huyo anayehamishwa tu ndiye anayebaki na maswali.

Nilijua nikiwa darasa la tatu. Mtoto wa jirani tuligombana, akaniambia nirudi kwetu Kimali. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, anakata viazi vya michembe, vile vipande tunavyoanika juu ya mwamba vikauke, tuvile kiangazi. Nikamuuliza. Hakuacha kukata.

"Ndiyo, mdogo wangu alikuzaa," akasema. "Mimi nakulea. Shika kisu, jua linatuacha."

Nikashika kisu, nikanyoosha miguu kama yeye, tukakata mpaka jua likatuacha. Hatukulizungumza tena kwa maisha yake yote. Sababu ya kutolewa nilijitungia mwenyewe siku ile ile: Kimali walikuwa na watoto wengi, ilibidi mmoja apungue, na mimi ndiye niliyezidi. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Lakini ukijitungia kitu ukiwa mdogo kinakaa, na mimi nimekuwa mwanamke mtu mzima, nina digrii ya ualimu, bado natembea nikijihesabu kama niliyezidi. Mama mdogo nilimwona misibani na harusini. Alinisalimu kwa kuniita "mtoto wa dada", nami nikaitika. Sikujua kama nikasirike au nishukuru.

Mama hakuzaa. Mimi sikuolewa na sikuzaa. Kitu pekee ambacho Mama alikuwa anakiendeleza kwa mikono yake, mbali na mimi, kilikuwa kiazi.

Kilikuwa kiazi kifupi, kinene, ganda jekundu la kuiva, ndani cheupe kama unga, kikavu mpaka unakabwa koo unatafuta maji. Alikipanda kwenye luseni, ule udongo wa kichanga ulio nyuma ya mji wetu, kaya yetu pale kijijini. Hakikuwa na jina. Watu walikiita cha Mama, na kila aliyeonja aliomba marando. Marando ndiyo mbegu yenyewe. Unakata kipande cha mmea unaotambaa, unakichomeka kwenye tuta, kinashika. Hapo hakuna baba anayeingia. Mahindi yanachavushana, kila punje ina wazazi wawili, ndiyo maana unavunja hindi moja unakuta punje nyeupe na za njano zimekaa jirani. Ng'ombe mwekundu anazaa ndama wa mabaka, na hapo mwenye ng'ombe anaanza kumwulizia dume la jirani. Lakini rando ni mmea ule ule unaoendelea kuishi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba rando analolikata mama yangu leo ni lile alilolikata mimi nikiwa mgongoni, na nilikuwa najivuna kidogo nikisema hivyo.

Mvua zikikata, mbegu ya viazi inavushwa kiangazi kwa maji ya ndoo. Mama alikuwa na kijibustani chake kando ya kisima, akikinywesha kila jioni. Alipougua nilimchukua kwangu mjini, na kila siku akiwa kitandani aliuliza, "Marando yamekunywa?" Nilikuwa nimemwachia jirani kazi hiyo. Jirani naye alikuwa na yake, na kisima kilikuwa kimeshuka. Mama alifariki kabla mvua hazijarudi. Tulipomaliza matanga niliteremka kisimani nikakuta vinyesi vya mbuzi na vishina vikavu. Nilikaa chini pale pale. Nilikuwa nimelia msibani kama watu wote, kwa zamu na kwa sauti. Kisimani nililia peke yangu.

Baada ya hapo nyumba yangu ya Bariadi ikawa kubwa. Ni vyumba viwili na jiko la nje, lakini ikawa kubwa. Nilisonga ugali wa watu wawili, nikila wangu na wa pili nikiutazama. Niliwasha redio ili kuwe na mtu anayesema. Shuleni niliwasahihisha watoto kwa ukali uliozidi makosa yao. Walimu wenzangu waliniambia nipumzike, nikawaambia nimepumzika mno, hilo ndilo tatizo.

Mvua zilipoanza nilizunguka nyumba kwa nyumba kijijini nikiuliza kiazi cha Mama. Wote waliowahi kuomba marando yake walikuwa wamebadilisha. Siku hizi wanapanda viazi lishe, vile vya rangi ya karoti, vinaiva haraka na soko lake lipo. Siwalaumu. Mwanamke mmoja alisikitika kweli, akasema, "Mama yako si aliwahi kusema kipo na Kimali?"

Nilikuwa nimelikumbuka hilo kabla yake. Mama aliwahi kusema, mara moja tu, kwamba kiazi kile kipo pia kwa mdogo wake. Nilikuwa nalikwepa. Nilikuwa sijawahi kumwomba Mama mdogo kitu chochote, na nilikusudia kufa sijamwomba. Kama alinitoa kwa sababu nilizidi, basi asinione ninarudi na mkono uliokunjuliwa. Msimu mzima ukapita nikiwa na kiburi hicho, nikala viazi lishe vya sokoni.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda. Nilipanda gari hadi Maswa, nikabadilisha pale Nyalikungu, nikafika Mwanhuzi, na kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Kimali. Kadiri unavyosogea huko ndivyo nchi inavyokauka. Mvua zilikuwa zimekwisha na udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata kama lami ukiloa, ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mguu. Makundi ya ng'ombe yalitimua vumbi pembeni. Dereva aliniuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa mama yangu mdogo. Akageuka kunitazama, akasema, "Ndiyo, nimeona." Sikumuuliza ameona nini.

Nilijua nilipofika. Mwanamke alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na ndoo kichwani, mfupi, ndewe zimeshikana na shavu, anatupa mguu wa kushoto kidogo nje, kama mimi. Alikuwa dada yangu. Nyuma yake akaja kaka mrefu, mweupe, hafanani na yeyote kati yetu. Tumbo moja, baba mmoja, na hatukutoka sote sawa. Ubaoni huwa naandika kwamba kila mtoto huchukua nusu huku na nusu kule, na mgawo haujirudii. Nimeiandika sentensi hiyo kwa miaka mingi bila kuisikia uchungu. Siku ile niliona masikio yangu kwenye kichwa cha mtu ambaye sijawahi kula naye chakula.

Mama mdogo alikuwa kivulini, ukutani. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwona kwenye msiba wa Mama.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma nimepiga goti.

"Mwangaluka. Mtoto wa dada." Akanishika mikono asiiachie. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu, ingawa haikuwa salama.

Nilimweleza nilichofuata. Hakuuliza mengi. Alituma vichimbwe viazi, vikachemshwa, tukawekewa sinia katikati. Vilikuwa virefu, vimepinda, vimechanika, ganda lake la waridi lililopauka. Nikamenya kimoja nikauma. Kilikuwa na maji.

"Hiki siyo cha Mama," nikasema.

"Ni chenyewe."

"Cha Mama kilikuwa chekundu. Kifupi, kikavu. Hiki ni maji tu."

Mimi ndiye mwalimu. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu kwamba kitu kimoja ukikiotesha pawili kinaweza kutoka kwa sura mbili, kwamba udongo na maji na jua vina sauti yao. Nilikuwa nimetoka kuuvuka udongo ule mweusi kwa saa nzima nikiutazama. Lakini nilikuwa nimesafiri kumtafuta Mama ndani ya sahani, sikumkuta, na hasira ikanipanda. Mama mdogo alikirudisha chake kwenye sinia. Dada yangu akaondoka pale na kutuacha.

"Nilikuja nacho kwenu mimi," akasema. "Siku niliyokupeleka."

Akanieleza akiwa anatazama uwanja, si mimi. Mama alikuwa ameolewa muda mrefu hajapata mtoto, na watu wa mumewe walikuwa wameanza kudai ng'ombe wao wa mahari. Ng'ombe wenyewe hawakuwepo tena. Walishatolewa kumwolea mke mjomba wangu, kaka yao Mama na mdogo wake.

"Wangetoka wapi?" akasema. "Dada angerudishwa, na mke wa kaka naye angerudi kwao, ng'ombe wapatikane. Miji miwili ingebomoka. Mimi nilikuwa na wawili, na wewe wa tatu, unanyonya. Nikasema nitampa dada mtoto. Walipokuona wakanyamaza."

"Kwa nini mimi?" Hilo ndilo swali nililolibeba tangu darasa la tatu, na lilitoka na sauti ya darasa la tatu.

"Ulikuwa mgongoni. Wale wakubwa wangeikumbuka njia ya kurudi."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Maziwa yangu yalikuwa yanabaki huku. Nikakata marando, nikayafunga na kitambaa kibichi, nikayaweka kichwani. Nilitaka na wewe ule kitu changu."

Kumbe sikuzidi. Nilikuwa nimetolewa kama kitu kinachohitajika, na kwa maumivu. Nilifurahi, niseme ukweli, na papo hapo nikasikia upweke kuliko nilivyowahi, kwa sababu mtu niliyetaka kumkimbilia kumweleza habari hii alikuwa kaburini, naye alikuwa anaijua siku zote. Nilitamani kumwomba Mama mdogo radhi kwa neno lile la kiazi. Badala yake nilisimama, nikaenda kwenye tuta, nikageuza jani. Mama alinifundisha kuwa viazi hudanganya kwa umbo, ukitaka kujua aina, tazama nyuma ya jani. Mishipa ilikuwa ya zambarau, na palipoungana na kikonyo palikuwa na doa. Lilikuwa ni lile lile.

Mama mdogo aliyakata marando mwenyewe, akayafunga kwenye gunia akalilowesha. Aliniaga kwa jina lile lile, mtoto wa dada. Nilipanda bodaboda nimelikumbatia gunia mbele, maji yakinilowesha sketi.

Kiangazi kile nilikuwa na kitu cha kuwahi nyumbani. Niliyapanda nyuma ya jiko, penye kivuli cha ukuta, nikiyapa maji niliyooshea mboga na vyombo. Bariadi maji yakikatika nilioga ndoo nusu ili wao wapate. Niliongea nayo pia, hilo nakiri. Mengine yalinyauka na mengine yakasinyaa majani, na kila asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni kuhesabu waliobaki hai. Wazo moja lilinisumbua kila nilipoinama pale. Itakuwaje nikiyapeleka kwenye luseni ya Mama na yatoke yale yale marefu, ya maji? Basi ladha ya Mama itakuwa imekwenda naye, na mimi nitakuwa nimebaki na majani.

Mvua ziliporudi nilikwenda kijijini nikainua matuta nyuma ya mji wetu, kwa jembe la Mama, mpini wake ukiwa bado umelainika pale aliposhika. Nyumba imefungwa, hakuna kuku, hakuna moshi. Nilichomeka marando nikarudi mjini. Kila Jumamosi niliyoweza nilikwenda kupalilia peke yangu, majirani wakipita njiani wakinisalimu na kuniacha.

Mwezi wa sita tena, nikachimba. Nilianza pembeni mwa tuta kwa mkono, ili nisikikate. Kikatoka kifupi, kinene, na nilipokisugua mchanga kikawa chekundu. Nilikaa kwenye tuta nikacheka kwa sauti, halafu nikatazama nyuma kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu. Nilichemsha sufuria zima kwenye mafiga yake, nikala viwili vikanikaba, nikanywa maji, na vilivyobaki nikarudi navyo Bariadi. Ladha ilikuwa ile ile. Nilidhani ikirudi nitakuwa nimepona.

Ndipo nikajaza kiroba, nikarudi Kimali. Safari hii nilijua ninachokitaka. Nilitaka Mama mdogo aone kwamba kile alichokibeba kichwani hakikufa, kwamba kilistawi, na kwamba bado ni chake. Nilitaka akiite kiazi kile chake, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kutaka aniite mimi wake.

Tulikaa ukutani pale pale. Mimi ndiye niliyevimenya. Alichukua kimoja, akakivunja katikati, kikamomonyoka mkononi mwake. Akala taratibu, akakabwa, nikampa maji. Machozi yalimtoka, sikujua kama ni ya kukabwa.

"Hiki ni cha dada," akasema. "Hiki ndicho alikuwa ananipikia nikija kwa msiba au harusi."

"Ni chako. Uliyakata mwenyewe marando hapa."

"Yaya." Alitikisa kichwa kukataa. "Mimi nilitoa rando duhu. Changu hakijawahi kuwa hivi. Hiki amekifanya dada." Akanitazama toka usoni, alipopaangalia haraka, hadi miguuni, ambako macho yake yalikaa. Nilikuwa nimeinyoosha mbele, kisu mkono wa kulia, maganda mapajani. "Hata kukaa. Unakaa kama dada."

Nilikunja miguu. Halafu nikaona aibu kwa kuikunja, nikainyoosha tena.

"Mama," nikamwambia, na safari hii sikuongeza mdogo, "ni chako."

Alisikia. Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Kisha akachukua kiazi cha pili, akakipuliza mpaka kikapoa, lakini hakukila. Alikifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akalipapasa.

"Hiki nitakila kesho," akasema, "ukishaondoka."